"Ndia" ya Malindi si Kosa la Tahajia

Mwanafunzi mmoja aliyehamia shule ya huku Malava akitokea Mombasa alirudishiwa insha yake ikiwa imejaa wino mwekundu. Alikuwa ameandika "ndia" badala ya "njia", "mtele" badala ya "mchele" na "mtana" badala ya "mchana". Pembeni mwalimu aliandika kwamba mtoto hajui tahajia. Nilipoonyeshwa insha hiyo na mzazi wake, nilijiuliza ni wangapi kati yetu tunaofundisha lugha hii huku bara ambao tumewahi kuisikia ikisemwa kwao.

Niliamua kwenda kuisikiliza polepole. Mwezi wa Februari niliipakia baiskeli yangu kwenye basi hadi Mombasa, kisha nikaiendesha kuelekea kaskazini: Mtwapa, Kilifi, Malindi, Mambrui, Gongoni, mpaka Garsen karibu na Mto Tana. Ni masafa ya zaidi ya kilomita 200. Majirani zangu, ambao kwao baiskeli ni chombo cha kubebea miwa na magunia ya mahindi, walistaajabu. Mtu mzima na shahada zake atoke penye mvua na msitu, aende kuchomwa na jua kwa hiari yake!

Na jua lenyewe ni jua kweli. Februari ni msimu wa kaskazi, na mwendeshaji aelekeaye Garsen hukabiliana na upepo huo uso kwa uso. Niling'amua upesi kwamba sharti niondoke saa kumi na moja alfajiri, na ifikapo saa tano niwe nimejisitiri chini ya mwembe nikinywa dafu. Hadi Malindi, kiasi cha kilomita 120, taabu si kubwa. Iko minazi, yako mashamba ya mkonge ya Vipingo, na liko daraja la Kilifi lililofunguliwa mwaka 1991, mahali ambapo zamani watu walivushwa kwa feri. Ukishauvuka Mto Sabaki mambo hubadilika. Gongoni ni mabwawa ya chumvi yanayong'aa hadi macho yakauma, kisha vichaka vya miiba, ng'ombe wa Waorma, na vumbi. Tairi langu la nyuma lilitobolewa mara tatu.

Basi hupita kote huko kwa nusu siku, na abiria husinzia. Mwenye baiskeli hana nafasi ya kusinzia. Kila baada ya kilomita kadhaa hulazimika kusimama kuomba maji, na aombaye maji hujibiwa. Mjini Mombasa, fundi aliyenikazia mnyororo alinielekeza "ndia" ya Malindi na kunionya juu ya jua la "mtana". Huko Garsen, mfanyabiashara mwenyeji wa Lamu aliyenikaribisha chai aliviita vyombo "zombo", jana akaiita "yana", na moja ikawa "moya". Hicho ni Kiamu. Kati ya miji hiyo miwili, Mambrui, niliketi barazani na wazee wawili. Mmoja alisema "ndia", mwenziwe akasema "njia", wala hakuna aliyemsahihisha mwingine.

Hapa mwanaisimu hana budi kutia neno. Palipo na "ch" katika nchi, mchana na mchele, Kimvita hutia "t": nti, mtana, mtele. Palipo na "nj" katika njia, njaa na njoo, hutia "nd": ndia, ndaa, ndoo. Mtoto asiyejua tahajia hukosea ovyo, leo hivi kesho vile. Mtoto yule wa Mombasa alikuwa akifuata kanuni, na kuifuata barabara.

Isitoshe, mkutano wa mwaka 1928 ulioteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika Mombasa kwenyewe! Uamuzi ule ulikuwa wa watawala waliotaka vitabu vya aina moja kwa makoloni yao, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikauendeleza. Kimvita hakikuwa na upungufu wowote. Ndicho alichotungia Muyaka bin Haji, na ndicho kilichomo katika Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyochapishwa mwaka 1973. Yamkini mwalimu yuyo huyo akayasifu mashairi hayo Jumatatu, na Jumanne akamkata mtoto alama kwa maneno yayo hayo.

Sidai kwamba insha za mtihani ziandikwe kwa Kimvita. Mtihani una lugha yake, na mtoto sharti aijue. Ninaloomba ni dogo: pembeni mwa "ndia" mwalimu aandike "Kimvita, sanifu ni njia". Maneno manne tu.

Na si lazima wanafunzi wa Malava waanzie Pwani. Barabara itokayo hapa kwenda Webuye huanza kwa Lukabarasi na kuishia kwa Lubukusu, na hakuna kibao kinachoonyesha mpaka uko wapi. Nimewapendekezea walimu wawili wa hapa kwamba wakati wa likizo ya Agosti tuwapeleke vijana kwa baiskeli, wakisimama kila soko kuuliza watu wanaitaje njia, njaa na maji. Kila mmoja atabeba daftari, chupa ya maji na viraka vya kutosha.