Je, Wajua? Maneno ya Mtaani Lubumbashi

Je, wajua kwamba Lubumbashi, kusini mwa Kongo, ina Kenya yake? Ni mojawapo ya komini saba za jiji hilo la shaba, pamoja na Katuba, Kamalondo, Ruashi, Kampemba, Annexe na komini ya Lubumbashi yenyewe. Kijana wa huko akikuambia amezaliwa Kenya, usimwulize habari za Nairobi.

Je, wajua kwamba Kiingereza kiliingia mitaa ya Lubumbashi kwa treni? Koloni lilikuwa la Wabelgiji, lakini reli ilitoka kusini, ikapitia Rhodesia ya Kaskazini na kufika Élisabethville mwaka 1910. (Hilo ndilo jina la jiji hadi 1966.) Mainjinia, mafundi na vibarua wengi walikuja kwa njia hiyohiyo, wakiwa wamezoea Kiingereza cha migodi ya kusini. Mgodi wa Kalukuluku, unaoitwa Étoile leo, ulijulikana kwa Kiingereza kama Star of the Congo. Migodini ilisikika Kikabanga, lugha ya amri iliyochanganya Kizulu, Kiingereza na Kiafrikana.

Wabelgiji waliingiwa na hofu kwamba Kiingereza kingeivuta Katanga, jimbo lenye Lubumbashi, upande wa Rhodesia. Miaka ya 1920 kampuni ya migodi ya Union Minière ikaanza kutafuta wafanyakazi Kasai, Lomami na Ruanda-Urundi, na Kiswahili kikawa lugha ya kambi zake. Hakikuwa kigeni kabisa, kwa sababu misafara ilikuwa imekifikisha Katanga tangu enzi za Msiri, mtawala wa Bunkeya aliyetoka nchi ya Wanyamwezi na kuuawa mwaka 1891. Ila wengi wa wafanyakazi hao wapya hawakukinyonya kwa mama zao. Walikijenga upya wenyewe, wakiwa kazini.

Je, wajua neno la Kiingereza lililoganda kuliko mengine? Ni boyi. Mtumishi wa nyumbani aliitwa hivyo hata akiwa babu mwenye wajukuu, tena na mabwana waliozungumza Kifaransa! Mwaka 1965 watumishi hao wa zamani walitoa historia ya jiji lao. Iliandikwa na André Yav kwa Kiswahili kilekile cha Lubumbashi, ingawa jina lake ni la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri na maelezo mwaka 1990. Kwa maoni yangu, kila mwanafunzi wa Kiswahili angepaswa kuisoma, maana humo boyi ndiye anayesimulia na bwana ndiye anayesimuliwa.

Makuta ni fedha, fedha yoyote. Likuta, na kwa wingi makuta, ilikuwa sarafu ya Kongo kuanzia 1967, 100 zikifanya zaire moja. Zaire imekufa, faranga imerudi, na bado watu wanasaka makuta.

Matabishi ni bakshishi, na mara nyingine ni mlungula. Neno limetoka kwa Wareno: mata-bicho, yaani ua mdudu, kikombe cha asubuhi cha kutuliza tumbo.

Je, wajua kwamba siku ya tatu ya Lubumbashi si Jumatatu? Hapo wageni wa pwani hukosa miadi. Sisi tunahesabu kuanzia Jumamosi, Wakongo wanahesabu kuanzia siku ya kurudi kazini. Kwa hiyo Jumatatu ni siku ya kwanza, Jumatano ni siku ya tatu, Ijumaa ni siku ya tano. Jumapili ni siku ya Mungu, au siku ya yenga. Jumamosi je? Ni siku ya posho, siku ya kugawiwa chakula cha wiki, na jina hilo limeenea mashariki yote ya Kongo. Neno hilohilo Uganda ni ugali, na Tanzania ni malipo ya kikao. Ukialikwa siku ya posho Lubumbashi, nenda Jumamosi, na ugali utakaoukuta mezani utaitwa bukari.

Je, wajua kwamba Buffalo Bill ana wajukuu wa lugha Kongo? Miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, walipagawa na filamu za makauboi, wakajiita Bill na kubuni Indubili, lugha ya rika iliyochota Kilingala, Kifaransa na vipande vya Kiingereza cha sinema. Mbabe wa mtaa aliitwa yanke. Lubumbashi nayo ikapata Kindubile, ambacho uti wake wa mgongo ni Kiswahili. Bukavu pia kilikuwepo cha Kiswahili, na Didier Goyvaerts alikieleza mwaka 1988. Kama Sheng ya vijana wa Nairobi, Kindubile ni cha marafiki. Kanisani na mbele ya wakubwa husemwa Kiswahili bora, jina wanalokipa wenyewe kile cha vitabuni.

Ukitaka kuwaelewa watu wa Lubumbashi haraka, sikiliza sauti. Maji ni mayi, watoto ni batoto. Anayesema kila mara anasemaka, kwa kuwa -ka ya mwisho inaonyesha mazoea. Na ukisikia njo, hiyo ni ndiyo yetu ya mkazo: njo huyu, njo ile.

Kitu kidogo huchukua ka-, na kwa wingi tu-: katoto, tutoto. Nawahurumia wanaosema huku ni kuharibu lugha, kwa maana ka- ni kiambishi cha Kibantu chenye umri mkubwa, na lugha nyingi za jirani zinacho. Kutoka hapo ndipo lilipopatikana neno kadogo. Kiongozi wa waasi Laurent-Désiré Kabila alipoanza vita vyake mwaka 1996, kadogo lilikuwa jina la askari watoto walioandamana na jeshi lake. Jeshi hilo liliingia Lubumbashi Aprili 1997 na Kinshasa mwezi uliofuata, na magazeti ya Kifaransa yakaliandika neno hilo bila kulitafsiri: les kadogos.