Safari ya kazi ya kimataifa haianzii uwanja wa ndege

Anayekwenda kupanda ndege Mwanza akitokea katikati ya jiji hupita Kirumba, akapita Pasiansi, ndipo akafika uwanjani. Watoto wa Pasiansi wamekua wakiona magari yenye mabegi makubwa yakipita mbele ya nyumba zao. Si ajabu kwamba kijana wa mtaa huu akimaliza chuo, akakaa nyumbani miezi minane bila kazi, macho yake huelekea upande ule ule wa barabara.

Hapo ndipo mazungumzo ya sebuleni huwa magumu. Kijana anataka nje. Baba anauliza nje wapi, na kufanya nini. Mama mdogo anamjua mtu anayemjua mtu. Mjomba anatuma namba ya "wakala" aliyoiokota kwenye kundi la WhatsApp. Wiki mbili baadaye hakuna anayezungumzia kazi tena. Kinachojadiliwa ni kiwanja, kama kiuzwe au kisiuzwe.

Katika mabishano hayo siku hizi ameingia mtu mwingine: mshauri wa kazi, ambaye vijana humwita kocha. Mara nyingi ni Mtanzania aliyesoma au kufanya kazi nje, ambaye sasa huwasaidia wengine kuandika wasifu, kujiandaa kwa usaili na kuchagua njia. Wapo wanaoifanya kazi hiyo vizuri, na wapo wanaouza ndoto. Mzazi anayeombwa ada ana haki ya kujua anachokilipia.

Swali linalokosewa

Familia nyingi huanza na nchi. Kanada, Dubai, Ujerumani. Swali la nchi gani linafurahisha kulizungumza, lakini halijibiki kabla ya swali la kazi gani. Mwajiri wa nje haajiri mtu kwa sababu anatamani kuondoka kwao. Anaajiri fundi, muuguzi, mhasibu au mwalimu ambaye tayari amefanya jambo linaloonekana.

Mfano hauko mbali. Uko ng'ambo ya maji tu, Ukerewe. Getrude Mongella alizaliwa kisiwani humo mwaka 1945. Akiwa binti mdogo alipelekwa Morogoro kwenye shule ya masista wa Maryknoll, ambayo leo ni Kilakala. Mzazi yeyote wa Kanda ya Ziwa anaweza kupima umbali huo kwa usafiri wa wakati ule, na kwa mtoto wa kike.

Mwaka 1970 alihitimu Chuo Kikuu Dar es Salaam, akaenda kufundisha Chuo cha Ualimu Chang'ombe. Baadaye alifanya kazi ya mitaala, akaingia katika Bunge la Afrika Mashariki la jumuiya ya zamani, akawa mbunge na waziri, kisha Balozi wa Tanzania nchini India. Ndipo Umoja wa Mataifa ukampa kazi ya kuongoza maandalizi ya Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake. Mkutano huo ulifanyika Beijing, China, Septemba 1995, ukazikutanisha nchi 189, naye akarudi na jina la Mama Beijing. Mwaka 2004 alikuwa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika.

Ukihesabu kutoka 1970 hadi alipoanza kazi ile mwaka 1993 ni miaka 23. Katika miaka hiyo hakuwa amekaa akisubiri simu kutoka New York. Alikuwa akifundisha, akiandaa mitaala, akikaa kwenye vikao virefu na kujibu maswali ya wapiga kura. Mtu aliyezoea kukiendesha kikao chenye wabishi nyumbani ana kitu cha kupeleka kwenye chumba chenye wajumbe wa dunia nzima.

Atasema mtu kwamba hiyo ni njia ya siasa, na si kila kijana ataipita. Kweli. Basi mtazame Profesa Anna Tibaijuka, mtoto wa wakulima wa Muleba, upande wa magharibi wa ziwa hili hili. Alisoma Rugambwa, akasomea uchumi wa kilimo, akapata shahada ya uzamivu Sweden, akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1998 alijiunga na UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, na kuanzia 2000 hadi 2010 aliliongoza UN-Habitat, shirika la makazi lenye makao yake Nairobi. Yeye alipitia darasani. Tena hakusubiri kustaafu ndipo awafikirie wengine: ni mwanzilishi wa shule ya wasichana ya Barbro Johansson, Dar es Salaam.

Wote wawili walikuwa na kazi inayoeleweka nyumbani kabla dunia haijawajua.

Ngazi zilizo mtaani

Pasiansi yenyewe ina ngazi ambayo wakazi wake huizoea hadi wakaisahau. Taasisi ya Taaluma ya Wanyamapori Pasiansi ilianzishwa mwaka 1966 na huwafundisha askari wa wanyamapori. Kijana anayetoka hapo na cheti anaweza kufanya kazi hifadhini, kisha akaendelea na masomo Mweka, Kilimanjaro, chuo kilichoanzishwa mwaka 1963 na kinachopokea wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Akikaa darasani na Mganda na Mmalawi, tayari ana watu wa kuwaandikia siku nafasi itakapotangazwa kwao. Hiyo ni kazi ya kimataifa inayoanza kwa kutembea kwa miguu kutoka nyumbani.

Ukitoka Pasiansi ukarudi Kirumba, kuna Mwaloni. Dagaa wanaopakiwa pale huenda hadi Kongo, Rwanda na Burundi. Binti anayesomea uhasibu au forodha, akaongeza Kifaransa cha kumwezesha kujadiliana bei na kusoma hati, hajabahatisha. Vivyo hivyo kwa viwanda vya minofu ya sangara. Miaka ya 1990 Ulaya ilizuia mara kadhaa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu za usalama wa chakula, na tangu hapo usimamizi wa ubora umekuwa taaluma kamili jijini Mwanza. Aliyejifunza kupima na kuandika kumbukumbu za ubora kwa masharti ya Ulaya anaweza kueleweka katika kiwanda cha chakula cha nchi nyingine.

Na "nje" si lazima iwe ng'ambo ya bahari. Jumuiya ya Uvuvi ya Ziwa Victoria iko Jinja, Uganda. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iko Kisumu, Kenya. Arusha kuna Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na wahasibu, wahandisi, wasanifu majengo na madaktari wa mifugo wana makubaliano ya kutambuliana sifa kati ya nchi wanachama. Vibali bado vipo na urasimu bado upo, lakini ni karibu kuliko Toronto.

Kiswahili nacho kimepanda bei. SADC ilikifanya lugha yake rasmi mwaka 2019, na Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi mwaka 2022. Marekani, kupitia mpango wa Fulbright, imewahi kuwachukua walimu vijana kutoka Tanzania kwenda kusaidia kufundisha Kiswahili vyuoni kwao. Lakini kukizungumza tangu utotoni hakutoshi. Anayetaka kukiuza Kiswahili asomee kukifundisha au kukitafsiri.

Kocha haingii uwanjani

Ushauri wa kazi una historia ya zaidi ya karne. Mwaka 1908 Frank Parsons alifungua ofisi jijini Boston, Marekani, kuwasaidia vijana wa familia maskini na wahamiaji kuchagua kazi. Kitabu chake kilitoka mwaka uliofuata, yeye akiwa ameshafariki. Fundisho lake ni la kawaida kabisa: kijana ajijue mwenyewe, aijue kazi yenyewe na masharti yake, kisha aoanishe hayo mawili kwa akili iliyotulia. Mpaka leo ofisi nyingi za ushauri hazijatoka mbali na hapo.

Aliyerudi kutoka nje akataka kuwa mshauri ana mtaji mkubwa, nao ni kwamba ameyaona. Anajua usaili wa simu ulivyo, baridi ya Februari, na upweke wa Krismasi ya kwanza. Tatizo ni kwamba ameipita njia moja, katika mwaka mmoja, kwa masharti ya wakati huo. Asipojifunza zaidi, atamvika kila kijana koti lake mwenyewe. Ndiyo maana wanaoichukulia kazi hii kwa uzito husomea. Shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, lililoanzishwa mwaka 1995, linataka angalau saa 60 za mafunzo na saa 100 za kazi kabla ya kutoa cheti chake cha ngazi ya kwanza. Cheti hakimfanyi mtu kuwa na busara, lakini saa 100 za kusikiliza watu si mchezo.

Kocha mzuri hutambulika kwa maswali yake. Atataka kujua kijana amefanya nini hadi sasa, hata kama ni kujitolea ofisi ya kata au kuuza duka la shangazi. Ataomba kuona vyeti. Atasema wazi kwamba mlango fulani haupo kwa mwenye sifa hizo, na kwamba miaka miwili ya kazi Shinyanga au Geita ingebadili mambo. Wazazi wengine hukasirika hapo, wakiona wamelipa kuambiwa mtoto aende Geita. Pengine ni fedha waliyoitumia vizuri kuliko zote.

Anayeahidi kazi si kocha. Huyo anajifanya wakala, na wakala ana sheria zake: hapa nchini anapaswa kuwa na leseni, na njia ya kuuliza ni Idara ya Kazi au TaESA, inayosimamia huduma za ajira Tanzania. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka kanuni kwamba wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi ada. Umoja wa Mataifa nao hautozi chochote katika hatua yoyote ya kuajiri, si fomu, si usaili, si mafunzo. Ujumbe unaodai shilingi laki tatu za "kufungua faili la UN" unafutwa hapo hapo.

Gharama ya kukosea si fedha tu. Mwaka 2017 Human Rights Watch ilitoa ripoti kuhusu wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Wengi walisimulia kunyang'anywa pasipoti, kufanyishwa kazi saa nyingi mno na kunyimwa au kukatwa mishahara. Wapo waliokwenda huko wakarudi salama na kujenga nyumba. Tofauti mara nyingi iko kwenye mkataba ambao familia iliuona, au haikuuona, kabla ya siku ya safari. Nakala moja ibaki nyumbani, pamoja na namba ya ubalozi.

Jina moja, karatasi nne

Kuna kikwazo kingine ambacho hakina tapeli ndani yake. Mtoto alizaliwa akapewa jina la babu. Akabatizwa jina jingine. Alipoandikishwa shule, mwalimu akaandika alivyosikia. Alipofika NIDA, akaongeza jina la ukoo. Miaka ishirini baadaye cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha chuo na kitambulisho cha taifa vina watu wanne tofauti, na mwajiri wa nje asiyemjua babu anaomba maelezo ndani ya siku saba.

Hili ndilo jambo ambalo mshauri makini huanza nalo, na ambalo mzazi anaweza kulifanya bila kumlipa mtu. Karatasi zote zitandazwe mezani, zisomwe herufi kwa herufi pamoja na tarehe za kuzaliwa. Tofauti ndogo huweza kuelezwa kwa kiapo mbele ya wakili au mahakamani; jina lililobadilika kabisa linahitaji hati ya kisheria iliyosajiliwa. Marekebisho ya cheti cha kuzaliwa yanapitia RITA, ya kitambulisho NIDA. Kugusa jina lililoko kwenye cheti cha mtihani wa taifa baada ya matokeo ni shughuli ngumu mno, hivyo mara nyingi ni karatasi nyingine zinazofuata cheti hicho. Aliyesoma nje na kurudi naye hupeleka shahada yake TCU itambuliwe.

Baada ya karatasi hufuata barua za mabosi wa zamani, ambazo hupatikana kirahisi mtu akiwa bado kazini na kwa shida baada ya bosi kuhamishwa. Kisha pasipoti, ambayo watu wengi hukimbilia kwanza.

Na kwa mwenye mtoto ambaye bado hajasajiliwa kwa mtihani wa taifa, kazi ni ndogo zaidi: kwenda shuleni na cheti cha kuzaliwa mkononi, kuomba kuiona orodha kabla haijatumwa, na kuhakikisha jina lililoandikwa humo ndilo lililo kwenye cheti.