Saa 1,000 za Rubani Mpya wa Helikopta

Nchini Marekani, mtu anaweza kupata leseni ya urubani wa helikopta wa kibiashara akiwa na saa 150 tu za kuruka. Lakini kampuni zinazotembeza watalii Grand Canyon, au zinazopeleka wafanyakazi kwenye visima vya mafuta vya Ghuba ya Meksiko, kwa kawaida humtaka mwenye saa 1,000 hivi, maana bila hizo bima haikubali. Vijana wengi hukwama katikati hapo. Anayelivuka vizuri pengo hilo, kwa maoni yangu, ni yule anayekwenda kufundisha, wala si kwa sababu tu analipwa huku akikusanya saa, ilhali mwenzake anakodi helikopta kwa fedha za mfukoni.

Sababu kubwa imo ndani ya chumba cha rubani. Chukua Robinson R22, helikopta ya viti viwili iliyoenea katika shule za urubani. Mapanga yake ni mepesi. Injini ikizimika, mapanga hayo hupoteza kasi upesi mno, na wenzo wa kolektivu, ule wa kupandisha na kushusha helikopta, usiposhushwa ndani ya sekunde moja au mbili, helikopta haina tena kitu cha kuibeba. Mwanafunzi amelikariri jambo hilo, lakini siku ya zoezi mkono wake unaganda, au unauvuta wenzo juu kwa woga. Mwalimu, mkono wake ukiwa tayari, ana kitambo kidogo cha kuamua amwache ajisahihishe au aichukue helikopta. Aliyeamua hivyo mamia ya mara ana ujuzi ambao saa za kuruka peke yake, siku ya jua, hazimpi.

Wapo wanaosema mwalimu huzunguka uwanja uleule, hajui milima wala mizigo ya kuning'inizwa. Ni kweli, ila hayo mwajiri humfundisha. Jicho la kuona kosa linapoanza halipatikani kwa kozi fupi. Hoja nzito zaidi ni ya mwanafunzi: anafundishwa na mtu ambaye naye angali mgeni. Mwaka 1995, baada ya ajali kadhaa, mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza mwalimu wa R22 awe na saa 200 za helikopta, 50 kati yake ndani ya R22. Agizo hilo lilikuwa la haki, lakini saa 200 bado ni chache. Kwa hiyo rubani mpya na atafute shule ambayo mwalimu mkuu huruka na walimu wapya mara kwa mara, hata ikiwa shule hiyo hulipa mshahara mdogo, na aulize hilo kabla hajauliza atapewa saa ngapi kwa mwezi.