Je, Wajua? Tandatu, Fungate na Kenda

Wapo wanaodai kuwa Kiswahili ni zao la Kiarabu, nao hutolea nambari kuwa ushahidi. Hebu basi tuhesabu. Kuanzia moja hadi kumi, ni sita, saba na tisa pekee zilizotoka katika Kiarabu. Saba zilizosalia ni za Kibantu. Sarufi nayo yathibitisha: twasema vitabu vitatu, vitano, vinane, lakini sita, saba na tisa hazipokei kiambishi cha upatanisho. Kumi pia halikipokei, ila hilo kiasili ni nomino, ndiyo maana twasema makumi.

Je, kabla ya mkopo huo Waswahili walihesabuje? Walisema tandatu, fungate na kenda. Kenda lingali hai katika Kikuyu na Kikamba kwa maana iyo hiyo ya tisa. Fungate nalo halikufa: limebaki kuwa jina la siku saba za mapumziko ya maarusi baada ya harusi.

Kwa hiyo, Kiarabu hakikuwafunza Waswahili kuhesabu. Kiliwapa maneno mapya ya idadi walizokuwa wakizihesabu tayari. Mwenye shaka na aanze tena: moja, mbili, tatu.