Wadau, msidanganywe na urefu wa mti!

Haya wadau, leo siasa tuiweke pembeni kidogo, niwape stori ya milingoti.

Nilipomaliza form four nilipanda miche 80 kwenye kipande cha baba mdogo hapa Nyakato. Niliibananisha hatua moja moja, akilini najua miti mingi ndiyo hela nyingi. Ikapaa kweli, mirefu na myembamba kama fito. Fundi mmoja akaja kutafuta nguzo, nikamkatia ya pembeni maana ndiyo ilikuwa minene. Wiki chache baadaye ikaja mvua ya upepo toka ziwani usiku. Asubuhi zaidi ya nusu imelala chini. Mpaka leo baba mdogo ananiita "bwana misitu".

Kilichotokea ni hivi. Jani linakula mwanga mwekundu wa jua, lakini ule mwekundu wa mwisho kabisa, ambao macho yetu karibu hayauoni, linaurudisha. Mche ukipigwa na mwanga huo toka kwa jirani unajua kuna mshindani, hata kabla haujafunikwa na kivuli. Basi nguvu nyingi inaenda kwenye urefu, unene na mizizi vinasubiri. Tena mti unaotikiswa na upepo ndio unaoongeza unene wa shina na kushika ardhi. Ile ya katikati haikuwahi kutikiswa, ilikingwa na ya pembeni, na mimi ndiye niliyeuza ukuta! Siku hizi naacha hatua tatu, halafu napunguza kidogo kidogo.

Serengeti mambo ni tofauti. Kule mgunga haugombani sana na mgunga mwenzake, unagombana na nyasi na moto. Ukipita na basi la Arusha unaona vigunga vya magotini, unadhani vimeota mwaka jana. Wapi! Kingine mizizi yake ina miaka kibao. Moto wa kiangazi unaunguza shina, mti unachipua upya kwa akiba iliyoko chini ya ardhi. Ukipata miaka michache bila kuungua unavuka urefu wa mwali, kama mita 2 au 3, hapo umepona. Labda twiga ataendelea kuusumbua.

Hii ilionekana wazi baada ya ugonjwa wa sotoka kudhibitiwa kwa kuchanja ng'ombe. Nyumbu waliongezeka toka kama 250,000 mwaka 1961 hadi zaidi ya milioni 1 mwishoni mwa miaka ya 1970. Wakala nyasi, moto ukakosa cha kuunguza, na miti ikaongezeka sehemu nyingi za hifadhi.

Kwa hiyo mdau wa Bunda uliyeuliza kama ufyeke vigunga shambani kisha uchome, hapo utakuwa unavinyoa nywele tu. Ng'oa na mizizi, au chagua vichache uviache vikue, mbuzi watakula maganda yake kiangazi.

Muda wangu wa kafe umekata. Tupieni maoni.