Mlezi, Yaya na Mwangalizi wa Mtoto

Mara kwa mara tunaulizwa: mtu anayeachiwa mtoto kwa saa chache, wazazi wakiwa wametoka, aitweje kwa Kiswahili sanifu? Wengi hujibu upesi kwamba ni mlezi. Jibu hilo haliridhishi, na kasoro yake hudhihirika zaidi katika maandishi kuliko katika mazungumzo.

Fomu za shule hudai sahihi ya "mzazi au mlezi". Hapo mlezi ni mwenye dhamana ya mtoto mahali pa mzazi: aweza kumruhusu kusafiri, kutibiwa au kuhamishwa shule. Jirani aliyeombwa kumtazama mtoto hadi magharibi hana mamlaka hayo. Tukimwita mlezi twamtwika mzigo asioupokea, na siku ya ajali huenda akatiwa sahihi ya idhini mtu asiyestahili kuitoa.

Yaya nalo lina mipaka yake. Neno hili linanasibishwa na aya la Kihindi, ambalo asili yake ni aia la Kireno, nalo ni jina la mtumishi wa mshahara. Kazi hiyo haina aibu yoyote. Lakini shangazi mtu akiitwa yaya, atanuna.

Lugha yenyewe imekwisha kulitatua jambo hili kwa kitenzi. Mama aendaye sokoni husema, "Nishikie mtoto," au "Niangalizie mtoto." Kauli ya kutendea yaeleza yote: kazi inafanywa kwa niaba ya msemaji, na mtoto amebaki kuwa wake. Hasemi, "Nilelee mtoto," kwani hayo ni maombi ya miaka, pengine ya mgonjwa aliyekata tamaa ya kupona.

Kituo cha kulelea watoto wadogo mchana ni jambo jingine. Kulelea hapo huonyesha mahali pa kazi, na kwa Tanzania vituo hivyo vimo katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009.

Twapendekeza mwangalizi wa mtoto. Mwangalizi peke yake halitoshi, maana hata uchaguzi una waangalizi. Mshikaji lingefaa, lakini vijana wamekwisha kulitwaa kwa maana ya rafiki. Katika fomu, nafasi ya mwangalizi wa mtoto iwekwe chini ya ile ya mzazi au mlezi, pamoja na saa ya kuachiwa mtoto na saa ya kumrudisha.