Mirija ya uzazi: tusimhukumu mke kabla ya kipimo

Ndugu Waislamu, Nabii Zakaria (A.S.) alifika uzeeni bila ya mtoto, na hakuacha kumwomba Mola wake. Nasi katika nyumba zetu, mwaka ukipita bila ya mimba, lawama humwangukia mke, na pengine talaka hutamkwa kabla ya kipimo hata kimoja. Hiyo ni dhuluma.

Twasema: wanandoa wakitimiza miezi 12 bila ya mimba, au miezi 6 ikiwa mke amefikia umri wa miaka 35, waende hospitali pamoja. Mume naye apimwe mbegu zake. Kipimo hicho ni chepesi na hakina maumivu.

Kwa upande wa mke, ultrasaundi ya kawaida haitoshi kuonyesha kwamba mirija iko wazi. Zipo njia tatu.

Ya kwanza ni eksirei. Dawa maalumu hupitishwa katika mlango wa kizazi, na picha huonyesha ilikofika. Hufanywa baada ya hedhi kwisha, kabla ya yai kupevuka. Huchukua dakika chache, nayo huumiza tumbo. Hata hivyo, mrija waweza kujibana kwa muda ukaonekana umeziba, na makovu yaliyo nje ya mirija hayaonekani vyema.

Ya pili ni ultrasaundi ya povu. Haina mionzi, na maumivu yake ni madogo zaidi, ila yategemea sana ujuzi wa mpimaji. Utafiti wa Uholanzi uliotangazwa mwaka 2022, kwa wanawake zaidi ya 1,000, ulionyesha kuwa idadi ya waliojifungua ilikaribiana, iwe matibabu yalifuata eksirei au povu.

Ya tatu ni kamera iingizwayo tumboni kwa tundu dogo, mgonjwa akiwa katika nusu kaputi. Huyaona makovu, na daktari aweza kuyaondoa papo hapo. Lakini ni upasuaji, wenye gharama na hatari zake. Kwa kawaida hutangulia zile nyepesi, isipokuwa daktari ana shaka kubwa, kama kwa aliyewahi kuugua maambukizi ya nyonga.

Wapo wanaozuiwa na haya. Wanazuoni wameruhusu kufunua utupu kwa haja ya tiba, kwa kadiri ya haja hiyo tu. Atafutwe daktari mwanamke. Akikosekana, mume awepo.

Enyi waume, fuataneni na wake zenu. Mola ndiye Mtoaji. Letu sisi ni kutafuta tiba na kutenda uadilifu. Wallahu a'lam.